Sura ya 6: Vumbi la Meza Moja

Sonara hafagii kama wafagiavyo watu wengine. Jioni, akishazima moto, hukung'uta ngozi aliyoitandaza mapajani, hupitisha brashi juu ya meza, hupangusa vidole kimoja kimoja, kisha hufagia sakafu polepole kutoka pembeni kuja katikati. Taka ile haiendi jalalani. Inaingia koponi, na kopo linafungiwa kabatini.

Ndani ya kopo mna nywele, majivu, nyuzi za nguo, na dhahabu. Kila tupa inapokwaruza pete, kila msumeno mwembamba unapopita, chembe zinaruka. Hazipotei, zinahama tu. Miezi ikipita na kopo likijaa, sonara huichoma taka ile, hupitisha sumaku ili kuondoa unga wa chuma uliotoka kwenye tupa na msumeno, huiyeyusha pamoja na boraksi, na chini ya kalibu hubaki kitone cha njano. Kwa anayefanya kazi peke yake kitone hicho hakina mjadala. Lakini wakiketi watu sita kwenye meza moja, wakipiga tupa tangu asubuhi, vumbi lao likichanganyika sakafuni, kitone ni cha nani?

Nimeanza na vumbi kwa sababu kila mtu anayeniambia kwamba vijana wa Bukavu wanaofua vito wangepaswa kuwa na atelie moja ya pamoja huanza na mashine. Huhesabu mashine za kununua, bei zake, mfadhili wa kuombwa. Mashine ni jambo rahisi. Atelie ya masonara hufa kwa sababu ya vumbi, na ikiishi, huishi kwa sababu watu wake walikubaliana mapema juu ya vumbi.

Tuutazame mji kwanza. Bukavu, mji mkuu wa Kivu Kusini nchini Kongo, imekaa juu ya rasi tano zilizozama katika Ziwa Kivu mithili ya vidole vya mkono, na mgongoni kwake iko milima yenye dhahabu: Mwenga, Shabunda, Walungu, na kusini kabisa Fizi, ambako mji mdogo wa Misisi umekua juu ya mashimo. Luhwindja ndiko kampuni ya Banro ilikomimina dhahabu yake ya kwanza ya mgodi wa Twangiza mwaka 2011. Kamituga, kilomita 180 hivi kusini-magharibi, imechimbwa tangu enzi ya Wabelgiji. Kampuni ya SOMINKI, iliyoundwa 1976, ilirithi migodi hiyo, na ilipoanguka yakabaki mashimo na wachimbaji wa mkono. Tarehe 11 Septemba 2020 mvua ilifurika katika mashimo ya Kamituga na watu wapatao 50 wakafa humo.

Kamituga pia ndiko wanawake huponda mawe kwa mchi wa chuma siku nzima ili unga wake uoshwe. Wanaitwa mamans twangaises. Kitenzi chetu cha kutwanga, kile cha mpunga na kisamvu, kimevishwa kiambishi cha Kifaransa na kugeuka jina la kazi. Safari ya sehemu kubwa ya dhahabu ya Kivu Kusini huanzia kwenye mikono ya watu kama hao, na ni wachache wanaolipwa kidogo kuliko wao.

Mashimoni dhahabu hupimwa kwa mizani ya mkono, na mawe ya mizani huwa vijiti vya kiberiti na sarafu za zamani. Ikifika kwa manegosia, wale wanunuzi wa kati, huhesabiwa kwa tola, gramu 11.66, kipimo kilichotoka Bara Hindi kikapita pwani na kupanda hadi kwetu pamoja na nguo na shanga. Kisha inaondoka. Kwa miaka mingi imeondoka bila karatasi, kuelekea Kigali, Bujumbura na Kampala, na mwisho wake Dubai. Kiwanda cha African Gold Refinery kilizinduliwa rasmi Entebbe mwaka 2017, na mwaka 2022 Marekani ikakiwekea vikwazo kwa tuhuma za kununua dhahabu ya Kongo iliyopita njia za panya. Mnamo Januari 2023 Primera Gold ilifungua milango Bukavu, serikali yetu ikiwa na hisa pamoja na wawekezaji wa Falme za Kiarabu, na katika mwaka huo mmoja zaidi ya tani 5 zikatoka kihalali. Baadaye serikali ikachukua hisa zote na kampuni ikaitwa DRC Gold Trading. Tani zile hazikuchimbuka ghafla. Zilikuwepo siku zote, ila hazikuwa zikiandikwa.

Hata hivyo, dhahabu iliyoandikwa nayo haikuketi. Iliingia Bukavu ikiwa unga na vipande, ikatoka ikiwa tofali. Mradi ulioitwa Zahabu Safi, uliogharamiwa na Marekani, ulitafuta njia safi ya kumfikisha mchimbaji mdogo wa Kivu Kusini sokoni, na nauheshimu kwa hilo, lakini sonara aliyekuwa mwisho wa njia hiyo alikuwa wa ng'ambo. Sonara wa Kadutu, hapa Bukavu, hakuwa katika hesabu. Naye bibi arusi wa Ibanda anayetaka mkufu huonyeshwa ule uliofuliwa Dubai, na hakuna anayeweza kumwambia kama ndani yake mna chembe iliyooshwa Kamituga.

Haikuwa hivi tangu zamani. Mwanahistoria David Newbury, aliyeishi kisiwani Ijwi na kuandika juu ya biashara ya Ziwa Kivu katika karne ya 19, ameeleza habari za butega: vikuku vyembamba vya nyuzi vilivyosokotwa na watu wa misitu ya magharibi ya ziwa, hasa Batembo. Wanawake wa ng'ambo ya ziwa, hadi Rwanda, walivivaa miguuni kwa wingi. Vilikubalika mno hata vikawa fedha sokoni. Mtu aliweza kubeba mafungu ya vikuku, akavuka maji, akarudi na mbuzi. Hebu fikiria maana yake. Si kwamba watu wa huku walikuwa na mali ghafi ya ajabu, kwani nyuzi ni nyuzi. Walikuwa na mkono. Pambo lilifanywa huku, thamani ikaingizwa huku, na jirani ndiye aliyelitafuta. Leo tuna mali ghafi ambayo dunia nzima inaigombea, na mkono tumeuacha bila meza.

Basi meza yenyewe ikoje?

Sonara, au bijutie kama wengi wanavyomwita Bukavu, anahitaji vitu vya aina mbili. Vya kwanza haviazimwi. Tupa zake, kwa sababu tupa iliyokwaruza metali ya mwingine huharibu dhahabu yako. Fremu ya msumeno, iliyokwisha kuzoea kiganja. Koleo ndogo ambazo amezinoa ncha mwenyewe kwa kazi anayoijua. Na kile kigogo cha mti kinachochomoza mbele ya meza, ambacho baada ya mwaka mmoja huwa na mapengo na mifereji iliyochongwa na kazi ya mtu mmoja. Mtazame sonara akikaa mbele ya kigogo cha mwenziwe, utaona anavyohangaika kama mtu aliyevaa viatu vya mwingine.

Vya pili ni vile ambavyo mtu mmoja hununua kwa taabu, na akishanunua hukaa bila kazi sehemu kubwa ya siku. Mashine ya magurudumu mawili ya chuma inayobana kipande kinene mpaka kiwe bamba. Sahani ya chuma yenye matundu yanayozidi kuwa madogo, ambayo waya huvutwa humo tundu baada ya tundu. Mota ya kung'arisha. Mizani inayosoma sehemu ya mia ya gramu. Jiwe jeusi la kupimia na chupa za asidi zake: unakwaruza dhahabu juu ya jiwe, unadondosha tone, na mstari ukififia unajua umedanganywa. Karati 18 maana yake ni sehemu 750 za dhahabu katika 1,000, na mteja asiyeweza kupima hana njia ila kumwamini muuzaji. Vifaa hivi ndivyo vya atelie. Mtu hutumia mashine ya bamba robo saa, halafu hurudi mezani kwake kwa saa nne. Watu 6 hawagongani, na hata 10 hawagongani.

Dhahabu yenyewe ni tiifu kuliko metali zote kwa kazi ya mkono. Gramu moja unaweza kuifua hadi ienee karibu mita moja ya mraba, au kuivuta iwe waya wa zaidi ya kilomita mbili. Inayeyuka kwenye nyuzi 1,064. Joto hilo shalimo, yaani tochi ya moto, ndogo ya petroli yenye mvukuto wa mguu hulifikia, na huo ni msaada mkubwa kwetu, kwa kuwa umeme wa mto Ruzizi hukatika pasipo kutoa taarifa na mguu wa sonara haukatiki. Mota ya kung'arisha tu ndiyo husubiri.

Lakini kuna jambo la moto ambalo nataka kila kijana alielewe kabla hajakaa. Dhahabu ya mashimoni mara nyingi imekamatwa kwa zebaki. Zebaki huikumbatia dhahabu, halafu mchimbaji huifukuza kwa moto na kubaki na kipande chenye vitundu kama sifongo. Kipande hicho kikifika mjini bado kina zebaki ndani yake. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357, kwa hiyo sonara anapoiwashia shalimo, muda mrefu kabla dhahabu haijalegea, mvuke wake usioonekana na usionuka umekwisha kujaa chumbani. Kwenye kibanda chenye mlango mmoja anaupumua yeye, na mtoto wa jirani aliyekuja kutazama moto. Sumu hiyo huingia kwenye neva: mikono hutetemeka, usingizi hupotea, kumbukumbu hudhoofika. Na sonara bila mkono mtulivu amekwisha. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 umezitaka nchi zipunguze zebaki katika uchimbaji mdogo, ila mkataba hauwezi kupitisha bomba kwenye paa la kibanda. Bomba, feni na sanduku la kioo la kuyeyushia ndani yake ni gharama ambayo fundi mmoja mmoja ataiahirisha mpaka augue. Kwa maoni yangu, hata pasingekuwa na sababu nyingine yoyote ya kuungana, bomba hilo lingetosha.

Mifano iko katika nchi za Kiswahili, hatuna haja ya kwenda mbali. Mombasa kuna Bombolulu, karakana iliyoanzishwa 1969 kwa ajili ya mafundi wenye ulemavu, iliyo chini ya chama cha walemavu wa viungo cha Kenya, na vito ni mojawapo ya kazi zake kuu. Watu ambao mitaani wangetarajiwa kunyoosha mkono kuomba wameketi mbele ya meza wakifua shaba, na kazi zao zimevuka bahari. Nairobi, eneo la Karen, Kazuri ilianza 1975 na wanawake wawili waliokuwa wakilea watoto peke yao, wakifinyanga shanga za udongo. Leo ni mamia. Jina lenyewe linajieleza: kitu kidogo kilicho kizuri.

Nawapenda Bombolulu na Kazuri, na bado nasema si mfano kamili kwa Bukavu. Kule fundi ni mwajiriwa. Anakuja asubuhi, anapewa shaba au udongo, anapewa mchoro, analipwa. Suala la vumbi halimhusu, kwa kuwa vumbi lina mwenyewe. Atelie ninayoizungumzia haina tajiri. Kila mmoja ana wateja wake na jina lake, na kinachowaunganisha ni paa, mashine na jicho la mwenzake.

Jicho la mwenzake lina pande mbili. Fundi aliyekaa karibu nawe huona ufa kwenye lehemu yako kabla mteja hajauona, na hukuambia. Hukuonyesha jinsi alivyoukunja waya bila kuupasua. Mwanagenzi mmoja hujifunza kwa walimu wanne. Fundi huyo huyo pia huiona pete yako mpya kabla haijatoka mlangoni, na wiki ijayo pete kama hiyo inaweza kuwa kwenye kigogo chake. Hapo ndipo maneno huanza. Dawa ninayoijua ni daftari moja lililo wazi mezani: ukibuni umbo, unalichora, unaweka tarehe, wenzako wanatia sahihi. Mwingine akilitaka anamwomba mwenye umbo, na wanakubaliana. Hakimu hahitajiki. Mtu huona haya kuiga kitu alichokitilia sahihi.

Tena maumbo yapo ya kutosha kila mtu. Sielewi kwa nini tuendelee kufua moyo na ufunguo tulivyoviona kwenye kioo cha duka la Deira, Dubai. Msokoto wa butega ukivutwa kwa waya wa fedha ni kikuku ambacho Dubai hawana. Balega wa Mwenga na Shabunda walishona simbi, zile kauri zilizosafiri kutoka Bahari ya Hindi, kwenye kofia za wenye daraja la juu katika bwami, chama chao cha madaraja. Mpangilio wake unaweza kukaa kwenye hereni bila kuigusa siri ya bwami yenyewe. Nami ningetaka kuona pete yenye umbo la mchi, itakayofuliwa na mtu aliyewahi kuziona mamans twangaises. Ningependa zaidi awe binti wa mmoja wao. Kazi ya usonara kwetu imeshikwa na wanaume, ilhali mwanamke ndiye anayeponda jiwe mwanzoni na ndiye anayevaa mkufu mwishoni. Katikati, penye faida, hayupo.

Narudi kwenye kitone.

Watu wa Kivu Kusini hawahitaji kufundishwa namna ya kuweka mali ya pamoja. Nenda vijijini, utakuta muso, ile mityueli ya mshikamano, yaani kikundi cha kusaidiana, yenye masanduku matatu. La kijani ni la akiba na mikopo ya wanachama. Jekundu ni la msaada: msiba, ugonjwa, kuzaliwa mtoto. La buluu huweka fedha iliyotoka nje. Kwenye avek, vile vikundi vya kijiji vya akiba na mikopo, kisanduku hufungwa kwa kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu tofauti, ili kisifunguke ila kikundi kimekutana. Akina mama wasiojua kusoma wameendesha masanduku haya hata wakati wa vita. Ndiyo maana husikitika ninapowasikia vijana wasomi wakisema kwamba Wakongo hawawezi kushirikiana mali.

Meza ya masonara iufuate utaratibu huo huo. Kila fundi ana ngozi yake na kopo lake la mezani, na vumbi la mezani ni lake. Metali yake hupimwa mbele ya wenzake kabla ya kazi na baada ya kazi, na namba zote mbili huandikwa. Vumbi la sakafuni, la mota ya kung'arisha na la ndoo ya kunawia ni la sanduku, kufuli tatu. Mara mbili kwa mwaka linachomwa na kuyeyushwa watu wote wakiwepo, na kitone kinauzwa. Nusu iende kijani kwa matengenezo ya mashine, nusu nyekundu kwa fundi aliyeungua au aliyefiwa. Hapo vumbi, badala ya kuwa chanzo cha ugomvi, linakuwa ada ya uanachama ambayo hakuna anayehisi ameilipa.

Najua swali la msomaji wa Bukavu, maana ndilo langu pia. Katikati ya Februari 2025 waasi wa M23 waliingia mjini. Benki zikafunga, noti zikaadimika, na mwenye chochote cha thamani akajifunza kukificha. Nani ataweka dhahabu ndani ya nyumba inayojulikana na mji mzima? Jibu langu ni kwamba asiweke. Waanze na shaba na fedha, ambazo mkono hujifunza kwazo kwa hasara ndogo na ambazo hazimwiti mwenye bunduki. Dhahabu iingie tu ile aliyoileta mteja, mkufu wa marehemu bibi uliokatika, hereni iliyobaki moja. Ipimwe mbele yake, ifanyiwe kazi, itoke wiki hiyo hiyo. Mashine ya bamba ina uzito wa kumchosha mwizi, na ujuzi hauna kabati la kuvunjwa. Ninaloliogopa kuliko uporaji ni kusubiri amani ndipo tujifunze, kwa kuwa aliye na miaka 18 leo atakuwa na 30.

Kuhusu sheria, njia ni fupi kuliko wengi wanavyodhani. Kongo iliingia OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria za pamoja za biashara, mwezi Septemba 2012, na pamoja nayo ikaipokea Sheria ya Pamoja ya Vyama vya Ushirika iliyopitishwa Lomé mwaka 2010. Ushirika wenye baraza la utawala hutaka watu wasiopungua 15. Ule mwepesi zaidi, ambao unaweza kumiliki mashine, kupanga nyumba na kuandikishwa kwa jina lake, hutaka watu 5.

Kama uko Nyawera, Panzi au Bagira na unawajua mafundi watano ambao kila mmoja anaweza kumwachia mwenzake ufunguo, wakutanishe. Sheria haidai zaidi ya hao.